Moshi Kwenye Disketi ya Nne

Disketi zile saba zilinuka moshi. Nikijaribu leo kuikumbuka wiki ile, harufu ndiyo inayotangulia: moshi wa kuni za jikoni kwetu, mtamu kidogo, ule ule unaokaa ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, hata baada ya maziwa kuisha. Kisha linakuja dirisha la ofisi ya kupiga chapa pale Kapkatet, na nje ya dirisha ukungu uliolala juu ya michai kana kwamba hauna haraka ya kwenda popote. Kompyuta inakuja mwisho kabisa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya falsafa, na sina kazi. Nyumbani waliniuliza falsafa inatibu nini. Nikawauliza kwani kila kitu lazima kitibu, wakacheka, wakanipa kikapu niende kuchuma chai. Nilichuma vibaya. Nilikuwa nasimama katikati ya mistari kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba ni majani mawili na chipukizi, si matatu, na kufikia saa nne kikapu changu kilikuwa na ukungu zaidi ya majani.

Kwa hiyo nikawa nakwenda Kapkatet. Ile ofisi ilikuwa ya mama mmoja aliyekuja na mumewe kutoka upande wa Kisii zamani, kabla sijazaliwa. Alikuwa na taipureta mbili, kompyuta moja, skana, na printa ya rangi aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio. Mimi nilimpangia kurasa za ratiba za mazishi na kadi za harambee za kanisa. Yeye aliniachia kompyuta asubuhi. Aliniita Profesa, na hakuna siku aliyoitamka kwa heshima.

Mwaka huo dada yangu alikuwa anaolewa. Alitaka kadi za harusi zenye pindo la shanga, na si shanga za aina yoyote. Alitaka mpangilio wa ukanda wa kibuyu cha nyumba yetu, kile ambacho nyanya yetu, Kogo, alikivalisha shanga alipokuwa bado bibi harusi. Kibuyu kilikuwepo, lakini ukanda wake ulikuwa umekatika siku nyingi na karibu nusu ya shanga zilikuwa zimepotea kwenye majivu na mbolea ya ng'ombe. Zilizobaki zilikuwa za kahawia na nyeusi tu, zimeshikamana. Aliyejua ni rangi ipi ilifuata ipi alikuwa Kogo peke yake.

Kogo alikuwa na jicho moja. La kushoto lilichomwa na kijiti cha mchai alipokuwa msichana kwenye mashamba makubwa ya Kericho. La kulia sasa lilikuwa na mtoto wa jicho. Alituambia anaona kama mtu anayechungulia kupitia kikombe cha chai ya maziwa. Siku ya Alhamisi alitakiwa kufika hospitali ya misheni, ng'ambo ya Kaplong, akapasuliwe.

"Wakikosea, hakuna lingine la kujaribu," aliniambia Jumapili tukitoka kanisani, bila kuonyesha huzuni, kama mtu anayehesabu ng'ombe. "Kwa hiyo nataka kuona hiyo kadi kwanza. Nikishaiona, wapasue."

Niliuliza kwa nini asiione baada ya upasuaji, akiwa na jicho jipya. Aligeuza uso wake wote kunielekea, maana ndivyo alivyokuwa anatazama.

"Wewe una uhakika gani?"

Swali hilo ni mimi niliyezoea kuwauliza wengine. Tulikuwa na siku tatu.

Sikuwa na wasiwasi sana, kwa sababu nilikuwa na zile disketi. Nilikuwa nimezipata kwa rafiki wa chuoni. Zilikuwa nyongeza ya programu ya kuchora tuliyokuwa nayo ofisini: brashi za ziada zinazochora kamba, manyoya, majani, matone ya mvua, na, kwa mujibu wa karatasi iliyofungwa nazo, shanga. Unavuta mausi mara moja tu, mstari unajijaza shanga wenyewe, kila moja na kivuli chake na nukta yake ya mwanga. Nilikuwa nimeota jambo hilo nikiwa macho, nikichuma chai: mkono unapita, na nyuma yake shanga zinaota.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda Nairobi wiki mbili kutafuta kazi. Siku ya kuondoka nilimwambia mama yangu, Kogo akisikia, kwamba hizo disketi ziwekwe mahali pakavu, unyevu unaziua. Nilidhani zitawekwa kabatini. Kwetu, kitu cha thamani kinachoogopa unyevu hakiwekwi kabatini. Kinawekwa darini jikoni, juu ya mafiga, pamoja na vibuyu na mbegu za mahindi za mwaka ujao, moshi ukilinde. Kogo alizipandisha mwenyewe, ndani ya kikapu chake kizuri. Niliporudi alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Kavu kabisa," alisema. "Hakuna hata mdudu."

Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Jumatatu asubuhi mama wa ofisi alizinusa kabla sijafika mezani.

"Profesa, umebeba mursik?"

"Ni disketi."

"Ni disketi, au ni nyama ya kukausha?"

Niliingiza ya kwanza. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, na programu ya kuingiza nyongeza ikajitokeza. Ilijaza skrini yote kwa rangi ya bluu iliyokolea chini na kufifia juu, kama anga la Bomet mvua ikishaondoka. Nilipenda rangi ile. Nilipenda na jinsi ilivyonikaribisha kwa jina la mama wa ofisi, kwa kuwa ndilo kompyuta ililolijua. Kisha ikaanza maswali, kama askari wa geti la shamba: wewe ni nani, unatoka wapi, unataka kuingia wapi. Ikanionyesha makubaliano marefu ya kisheria na kuuliza kama nakubali. Nikaanza kuyasoma.

Mama wa ofisi alikuwa anapiga chapa barua ya chifu. Akasimamisha vidole.

"Bado unasoma?"

"Inauliza kama nakubali."

"Sasa si ukubali?"

"Nikubali nini kabla sijajua?"

"Wewe siku ya kuoa, mchungaji atalala madhabahuni akingoja useme ndiyo."

Nilisoma mpaka mwisho. Sehemu moja ilisema kwamba waliotengeneza hawaahidi kuwa kitu chenyewe kitafaa kwa kazi yoyote ile. Nilimsomea kwa Kiswahili.

"Basi hao ni waaminifu," alisema, na vidole vikaendelea.

Nikakubali. Ukurasa uliofuata ulikuwa na chaguo mbili, nikabonyeza ile iliyokuwa tayari imechaguliwa, ile iliyopendekezwa, na mstari wa bluu ukaanza kujaa. Sijui kama kuna aliyewahi kuuandika uzuri wa mstari ule. Unajaa kutoka kushoto kwenda kulia kama maziwa kwenye chombo kirefu, na wewe huna la kufanya ila kutazama. Nje ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Mstari ulifika robo, ikaomba disketi ya pili. Nikaipa. Ikaomba ya tatu. Kwa dakika kadhaa niliamini kwamba dunia imepangwa na mtu anayejua kinachofuata.

Ikaomba ya nne. Nikaipa. Ikakoroma, ikakoroma tena kwa sauti ya juu kama mbuzi aliyekabwa na ganda la ndizi, halafu ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Jaribu tena, au acha.

Nilijaribu tena mara tatu. Nikaacha. Hapo ndipo nilipokutana na ubaya wake. Haikusimama pale tulipofika. Ilianza kurudi nyuma, mstari ukapungua kutoka kulia kwenda kushoto, ikafuta kila kitu ilichokwisha kuingiza, kwa utaratibu ule ule na uvumilivu ule ule, kana kwamba sikuwahi kuja. Kwa nini? Disketi tatu za kwanza zilikuwa na kosa gani? Nilianza upya. Maswali, makubaliano, pendekezo, moja, mbili, tatu, koroma. Mara ya tatu umeme ukapotea tukiwa kwenye disketi ya pili, na mama wa ofisi akasema hata umeme umechoka.

Jioni nilifungua kile kijibati cha disketi ya nne na kuchungulia ndani. Utepe wa duara uliokuwamo ulikuwa na doa la njano la mafuta, na plastiki yenyewe ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja. Upande uliotazama moto.

Nyumbani Kogo aliuliza kadi imefika wapi. Nilisema mashine inasumbua.

"Inasumbuliwa na nini?"

"Umeme," nilisema, na nusu yake ilikuwa kweli.

Jumanne haikuwa na tofauti. Jumatano asubuhi alikuja mwenyewe. Nilimwona kupitia dirisha kabla hajafika, kitambaa chake chekundu cha kichwani kikitembea juu ya ukungu bila miguu. Alimsalimia mama wa ofisi kwa Kiswahili chake cha mashamba, na tangu alipoketi hakutumia Kikipsigis chetu hata neno moja, kwa sababu si adabu kumfungia mwenye nyumba mlango wa maneno.

Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo cha skrini.

"Hii kitu inataka nini?"

"Inataka disketi ya nne, Kogo."

"Umeipatia?"

"Nimeipatia tangu juzi."

"Na inakataa." Alinyoosha mkono. "Lete."

Nilimpa. Hakuitazama. Aliipeleka puani, akavuta pumzi. Mama wa ofisi akaacha kupiga chapa.

"Ni mimi," Kogo alisema.

"Hapana, hizi vitu huharibika tu zenyewe."

"Usinidanganye na hiyo shule yako. Huu ni moshi yangu. Naujua kama najua jina yangu." Akairudisha mkononi mwangu taratibu. "Niliweka juu sana ya moto. Vibuyu vinapenda. Nilifikiri na hii itapenda."

Mama wa ofisi ndiye aliyemjibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama, hata mimi ningeweka huko. Panya ya hapa inakula mpaka waya."

Kogo alicheka kidogo, kisha akauliza, "Hizo zingine sita hazina makosa?"

"Hazina."

"Sasa kwa nini zinarudi nyumbani?"

Lilikuwa swali langu la Jumatatu, neno kwa neno karibu, na sikuwa nimelifuata popote. Nilianza upya ili kumwonyesha. Maswali. Makubaliano, nilikubali bila kusoma. Nilipofika kwenye ule ukurasa wa chaguo mbili nikanyanyua kidole kubonyeza, naye akanishika mkono.

"Ngoja. Hapa kuna macho mbili. Hii imejaa, na hii iko wazi." Alikuwa anaonyesha vile vijiduara viwili, kimoja kikiwa na nukta nyeusi katikati, kingine kitupu. "Kwa nini wewe unabonyeza hii imejaa tu?"

"Ndiyo wanayopendekeza."

"Na hii wazi inasema nini?"

Ilisema, nami nikiisoma kwa mara ya kwanza, "Chagua mwenyewe."

Nilihisi masikio yakipata moto. Nilikuwa nimesoma makubaliano ya kurasa nyingi nikiyatafutia hila, na kwenye mlango wenyewe nikapita kama ng'ombe anayejua njia ya kwenda josho. Mama wa ofisi alikuwa ananitazama kwa furaha isiyofichika.

"Profesa," alisema tu.

Nikabonyeza duara lililo wazi. Orodha ikafunguka: kamba, manyoya, majani, matone, mwanga, kitambaa, shanga, kila moja na kisanduku chake cha tiki. Nilipoondoa tiki moja moja na kutazama chini ya orodha, palipoandikwa disketi zinazohitajika, niligundua kwamba disketi ya nne ilihitajika kwa kitu kimoja tu. Shanga. Vingine vyote vilikuwa kwenye zile sita. Nikarudisha tiki zote isipokuwa ya shanga, na programu ile iliyonitesa siku mbili ikaruka disketi ya nne bila kuuliza, ikameza ya tano, ya sita, ya saba, na kunipongeza. Ilichukua muda mfupi kuliko maji ya chai kuchemka. Siwezi kusema ni hasira au ni shukrani niliyoisikia. Kitu kikiwa rahisi hivyo mwishoni, unataka kumpata aliyekiweka nyuma ya duara tupu umuulize alikuwa anamficha nani.

Basi tukawa na kila kitu isipokuwa shanga.

Nilichora duara dogo kwa mkono, nikalijaza rangi, kisha nikaligusa kwa brashi ya mwanga kutoka kwenye nyongeza. Likavimba. Likawa na tumbo, na nukta nyeupe begani. Kogo alisogea.

"Hiyo ni ushanga," alinong'ona.

"Nitachora moja moja," nilisema, na nikajisikia mtukufu. "Kama ulivyozitunga wewe. Ni bora hivyo. Mkono una kitu ambacho mashine haina."

Akainua kidole chake cha shahada, kilichopinda kwenye fundo la juu.

"Mkono una hii. Ilipinda hivi nikitunga. Kama mashine inaweza kurudia, irudie. Mimi nilikuwa nalia nikitaka mtu wa kunirudilia."

Kwa hiyo tulichora kumi na mbili, mpangilio mmoja mzima. Yeye alitaja na mimi nikafuata: nyeupe mbili, bluu tatu, nyekundu moja, nyeupe, halafu nyeusi, na kuendelea. Pale kwenye ya tisa alinisimamisha na kusema umeweka nyekundu pahali pa bluu, na kweli nilikuwa nimeweka. Alikuwa anaona.

Ila rangi. Rangi ndizo zilizotuchelewesha.

"Nyeupe ni chafu," alisema.

Ilikuwa nyeupe kabisa, nyeupe ambayo mashine haina nyingine zaidi yake. Nikaichanganya na bluu kidogo sana, ikawa baridi kama barafu.

"Sasa inakaribia. Na hii bluu ni nyeusi. Ongeza."

Nikaongeza.

"Ongeza."

Niliongeza mpaka ikawa bluu inayopiga kelele, bluu ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu chochote chenye umri. Mama wa ofisi alisimama nyuma yetu, akanikanyaga mguu. Nilijua anachosema. Ni jicho lake, si rangi. Nilijua, nilikuwa nimesoma kwenye kijikaratasi cha hospitali kwamba mtoto wa jicho huiba bluu kwanza. Ningeweza kusema. Mimi niliyebishana na mchungaji kuhusu gharika, na chifu kuhusu neno maendeleo, nilinyamaza, nikasogeza mausi, nikaongeza bluu. Ilikuwa zamu yake ya kuona.

Tulirudia mpangilio ule kuzunguka kadi yote. Printa ikavuliwa kitambaa chake. Karatasi ilipotoka, ikitoka polepole kama ulimi, Kogo aliishika ikiwa bado na unyevu, akaileta kwenye jicho, akaizungusha kona kwa kona. Nje, ukungu ulikuwa umeshikilia madirisha kwa uzito mpaka ofisi ikawa kama iko ndani ya wingu, sisi watatu na ule mraba wa rangi.

"Ndiyo," alisema. "Sasa wapasue."

Dada yangu alipoziona kadi jioni ile alisema zinaumiza macho, kisha akamtazama Kogo na kusema ni nzuri sana. Mama wa ofisi alichapa zote Alhamisi, wakati sisi tuko hospitalini, na Ijumaa asubuhi zilikuwa zimeanza kugawanywa.

Ijumaa hiyo ndiyo siku aliyofunguliwa bandeji. Nililala vibaya, na si kwa hofu ya upofu peke yake. Kulikuwa na hofu ya pili, ndogo na ya aibu: kwamba ataona. Ataona ile bluu na kuelewa kwamba nilimwacha akosee mbele ya ukoo mzima, halafu nikagawanya kosa lake kwenye bahasha.

Muuguzi aliondoa pamba. Kogo alifumba, akafumbua. Alitazama dirisha kwa muda mrefu. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha mimi.

"Umekonda namna hii? Na hakuna mtu aliniambia?"

Nikacheka nikilia. Akanyoosha mkono bila kuuliza, na nikajua anataka nini. Nilimpa kadi kama mtu anayesalimisha panga.

Aliitazama akiwa ameishika mbali, kwa urefu wa mkono, jinsi nilivyokuwa sijawahi kumwona akishika kitu.

"Nyeupe umeharibu," alisema. "Inafanana na mtu mgonjwa."

"Na bluu, Kogo?"

"Bluu ni sawa."

Nilidhani ananihurumia. Nilitaka kumbishia pale pale, nimweleze kuhusu mtoto wa jicho na anachoiba. Nikanyamaza mara ya pili ndani ya wiki moja.

Tulifika nyumbani Jumamosi mchana. Aliingia jikoni, akasimama chini ya dari kuliacha jicho lizoee giza, kisha akateremsha kibuyu na kile kipande cha ukanda. Akakitoa nje kwenye mwanga.

"Nani amechafua hii?" aliuliza, na aliuliza kweli, akinitazama mimi, akimtazama mama.

Miaka yote ule ukanda ulikuwa umening'inia pale pale zilipokaa disketi zangu. Aliomba maji ya moto na kitambaa, akaketi kwenye kigoda na kuanza kusugua. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Alibadilisha maji mara mbili. Alipofika kwenye shanga tatu za katikati alisugua kwa ukucha wa kile kidole kilichopinda, akazisuuza, akazigeuzia jua lililokuwa linaanza kupenya ukunguni.

Nilichukua kadi mfukoni, nikaiweka kando ya ukanda. Niliitazama bluu ya kadi, nikatazama bluu ya ukanda, nikarudia. Nilijaribu kutafuta tofauti kwa sababu ndiyo tabia yangu.

"Bado unauliza?" Kogo alisema, na akaendelea kusugua.